Kakangu Alikatazwa Kuvuka

Siku aliporudishwa kakangu nilikuwa nashona sare za shule. Cherehani yangu niliiweka barazani kwetu Likoni, chini ya dirisha la chumba cha mama, na mwezi wa Desemba kazi hunijia nyingi kwa sababu wazazi wote hukumbuka sare wakati mmoja. Gari la polisi likasimama njiani. Walishuka wanaume watatu, na yule wa katikati sikumjua. Nikadhani wamekuja kumtafuta mtu. Mamangu akatoka jikoni na majivu mikononi, akasimama mlangoni akamtazama, kisha akasema, "Huyu ni mwanangu," kana kwamba pana mtu aliyekuwa akibisha.

Aliondoka katikati ya miaka ya themanini, amepata nafasi ya kwenda kusoma dini katika nchi moja ya Waarabu. Alikuwa kijana mcheshi, mwenye sauti, anayesomesha watoto Kurani chuoni asubuhi na kucheza mpira jioni. Alituandikia barua kwa muda, halafu barua zikakatika. Baadaye jirani mmoja aliyerudi Hija akatuletea habari. Soko katika mji ule lilikuwa limelipuliwa kwa bomu, watu wakafa, na serikali ya huko ikawakamata wanafunzi wageni wote waliomjua mshukiwa. Kakangu alikuwa akilala naye chumba kimoja.

Babangu alipanda basi akaenda Nairobi kuulizia. Ofisi ya kwanza wakamwambia aende nyingine, na ile nyingine ikamwambia hakuna Mkenya yeyote katika jela za nchi ile. Akarudi akatueleza hayo. Alikufa mwaka uliofuata. Tukaishi na mtu ambaye hatukujua kama tumsomee hitima au tumwombee uzima. Mamangu alichagua uzima, na kila Ramadhani alimwekea sahani.

Kwa hiyo aliposhuka garini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, ilikuwa ni furaha. Nataka niliseme hilo kwa sababu yaliyofuata yanaweza kulifunika. Majirani waliingia ndani wakalia. Mamangu alimshika uso akamgeuza huku na huku akitafuta alama alizozijua. Hakuhukumiwa na mahakama yoyote, wala hakuna aliyemwambia kwamba hana hatia. Neno walilotumia wale polisi lilikuwa "amerudishwa". Walimtia pingu ndani ya ndege, wakamweka Nairobi wiki kadhaa wakimuuliza maswali yaleyale aliyoulizwa huko, kisha wakamleta kwetu.

Jioni ile alisimama mbele ya mama na mikono yake ameiweka nyuma. Akasema, "Mama, naomba ruhusa niende msalani."

"Nenda, baba," mama akamjibu. Alidhani ni adabu za ugenini.

Kesho yake akaomba tena. Akaomba ruhusa ya kunywa maji, ya kutoka uani, ya kulala. Mama akamketisha akamwambia, "Nyumba hii ni yako. Huna haja ya kumwomba mtu."

"Naam," akasema. Na baada ya muda mfupi akasimama na mikono nyuma kuomba ruhusa. Kama hapakuwa na mtu nyumbani wa kumruhusu, alingoja. Siku moja nilitoka kupeleka nguo za watu, na niliporudi nikamkuta amekaa mkekani, jasho linamtiririka, anangoja mmoja wetu arudi. Mama aliporudi nilimweleza, akaenda jikoni. Nilimsikia akipekecha mboga kwa nguvu muda mrefu, na mboga ile ilikuwa imeiva tangu asubuhi.

Ami yetu, mdogo wake marehemu baba, ndiye aliyeitwa kituoni kupewa masharti, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mwanamume mkubwa katika ukoo. Alirudi mchana, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Asivuke feri," alisema. "Na huku kusini asipite Waa. Asisomeshe watoto. Asipokee mgeni asiyejulikana mtaani. Kila Ijumaa aende kituoni aonekane. Akipotea, nashikwa mimi."

"Mpaka lini?" mama akamuuliza.

"Hawakusema."

"Nawe hukuuliza?"

"Shemeji, pale mtu haulizi."

Kakangu alikuwa ameketi nasi. Alisikiliza kama mtu anayesomewa masharti ya nyumba ya kupanga, akaitikia kwa kichwa, na Ijumaa ya kwanza alivaa shati safi akaenda.

Mtu asiyeishi Likoni huenda asijue maana ya kukatazwa feri. Mji uko pale ng'ambo ya maji, unauona. Taa za bandari unaziona, honi za meli unazisikia kitandani. Hospitali kubwa, maduka, mahakama, jamaa zetu nusu nzima, vyote viko ng'ambo. Watu wa kwetu huvuka kununua uzi wakarudi kupika. Kumkataza mtu feri ni kumwambia akae sebuleni na vyumba vyote afungiwe.

Ijumaa ilikuwa na tabu yake. Aliambiwa afike kabla ya adhuhuri, na akifika alikalishwa kwenye benchi mpaka watu watoke kuswali ndipo wamwambie aende. Sikupata kujua kama walikusudia. Wenzake wakaanza kumkosa katika sala ya Ijumaa. Siku nyingine alipokwenda kuswali, waliosimama karibu naye waliulizwa maswali baadaye na watu wasiowajua. Wakaja wazee wawili wa msikiti nyumbani, wamevaa kanzu zilizopigwa pasi, wakasalimu, wakauliza hali, wakanywa kahawa, na kahawa ilipokwisha mmoja akasema, "Nyumba ya Mwenyezi Mungu hakatazwi mtu. Lakini vijana wanasumbuliwa. Tumeona kwamba kwa muda, kwa muda tu..."

"Nimefahamu," kakangu alisema, akamwokoa asiumalize usemi wake. Tangu hapo aliswali nyumbani. Nyuma ya nyumba tulikuwa na kishamba cha urithi, akalima mihogo na kunde, na kwa miezi mingi hapo ndipo palipokuwa mwisho wa ulimwengu wake.

Mambo hayo hayakumpata peke yake. Mimi nilikuwa nimeposwa na mtu wa Changamwe, fundi wa mitambo, mpole. Shangazi yake alikuja kwetu akakaa ukingoni mwa kiti. Alisema si ubaya, wallahi si ubaya, ila kijana wao kazi yake inataka mtu asiye na maneno. Mama alimrudishia kila alichokileta, akamsindikiza mpaka njiani kwa heshima. Mimi nikaendelea kushona. Nilikuwa na hasira, na hasira ile sikujua niielekeze wapi, kwa sababu kila nilipoinua kichwa nilimwona kakangu shambani ameinama, mashavu yamebonyea, na mtu wa namna hiyo huwezi kumkasirikia.

Karibu na msimu wa mvua za masika, mbele ya nyumba yetu, upande wa pili wa njia, akaja mtu kuuza madafu. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, na madafu hakuyajua. Aliyakatia ubavuni, maji yakamwagika kwenye viatu. Alikuwa na viatu vizuri vyeusi vya kamba, na muuza madafu gani Likoni huvaa viatu vya kamba? Mtaa mzima ulijua ni askari kanzu kabla hajauza dafu la pili. Watu walinunua kwake kwa kumwonea haya.

Mama alimtazama siku kadhaa kupitia dirishani. Mwishowe akavuka njia, ameshika ukingo wa leso yake, akamwambia, "Mwanangu, hukati huko. Kata huku kichwani, kidogokidogo. Ukifika kwenye weupe, pole."

"Asante, mama," akasema yule mtu, na akainamisha uso kwa haya kama mtoto.

Baada ya hapo mama akawa akimpelekea chakula. Ami alikasirika. "Shemeji, mtu huyu yuko hapa kwa ajili ya mwanao."

"Najua yuko hapa kwa ajili gani," mama akasema. "Na mchana hali kitu. Naye ni mwana wa mtu."

Ikawa kila adhuhuri sahani moja huvuka njia, siku nyingine wali na samaki, siku nyingine muhogo wa nazi uliotoka shamba la kakangu mwenyewe. Yule mtu alikula, akaosha sahani kwa maji ya ndoo yake, akamkabidhi mama alipoifuata, kwa mikono miwili. Kakangu na yeye hawakusemezana. Wakikutana njiani kila mmoja alitazama pengine. Ijumaa yule mtu alimfuata kakangu mpaka kituoni kwa mbali, na akarudi naye kwa mbali. Watu wakazoea. Tulifika mahali ambapo asipoonekana siku mbili mama huuliza kama amekuwa mgonjwa.

Mamangu aliugua ghafla. Alikuwa na presha ya miaka mingi, na asubuhi moja alipokuwa akikuna nazi mkono ukamdondoka ukabaki unaning'inia, na mdomo ukaenda upande. Tulimpakia kwenye pikapu ya jirani, mimi na ami tukamshika, tukashuka mpaka feri. Kakangu alikimbia nyuma ya gari. Alifika nasi hadi pale mteremko unapoanza, pale watu wa miguu wanapokusanyika kungoja geti lifunguliwe, akasimama. Niligeuka nikamwona ameganda katikati ya watu, wanampita kulia na kushoto.

Siku hiyohiyo alikwenda kituoni kuomba ruhusa. Aliambiwa mkubwa wa kituo amesafiri, hakuna mwingine mwenye uwezo wa kutoa ruhusa hiyo, arudi Jumatatu. Ijumaa alipokwenda kuonekana akaomba tena. Aliambiwa vilevile.

Mimi nililala hospitalini, chini, kando ya kitanda chake. Maneno yalimtoka kwa shida, nusu yake hayaeleweki, lakini moja nililielewa kwa kuwa alilirudia kutwa.

"Yuko wapi?"

"Anakuja, mama."

"Avuke mapema," alisema. "Jua lisimpige."

Jumamosi nilirudi nyumbani kuchukua leso safi. Nilikuwa nafungasha kifurushi barazani, na kakangu amekaa kizingitini, yule muuza madafu alipoacha meza yake akavuka njia. Hakuwahi kuvuka kabla. Alisimama chini ya ngazi.

"Dada, pole na ugonjwa," aliniambia. Kisha akamtazama kakangu usoni, mara ya kwanza kwa macho yangu. "Ndugu, mimi ndiye husema wewe umetoka au hujatoka. Nikisema ulikuwa nyumbani, basi ulikuwa nyumbani. Twende na feri ya sasa hivi, umwone mama, na kabla ya magharibi tumerudi. Nitakuwa na wewe."

Kakangu akauliza, "Kwa nini?"

"Huyo mama amenilisha mwaka mzima."

Nilimwangalia kakangu. Nilishaona moyoni jinsi mama atakavyofurahi. Yeye alikuwa akitazama mikono ya yule mtu, hatazami uso, anaitazama mikono tu.

"Ahsante," alisema. "Nitangoja Jumatatu."

"Jumatatu inaweza kuwa mbali."

"Nitangoja."

Nilimwomba. Nilimwambia mama anamtaja kutwa, nilimwambia mlango umefunguka na hautafunguka tena, nikamshika mkono nimvute kama tulivyokuwa tukivutana utotoni. Aliutoa mkono wake polepole, akaingia ndani, na nikasikia komeo. Yule mtu alisimama kidogo. Akaniambia, "Mwambie sikuwa na nia mbaya." Akarudi kwenye madafu yake.

Nilivuka peke yangu. Mama alifariki Jumapili asubuhi, baada ya kusafishwa na kubadilishiwa shuka. Nilimshika mkono ule mzima. Hakuuliza kitu siku ile.

Tulimrudisha kwa feri mchana. Kakangu alikuwa chini kabisa ya mteremko upande wa Likoni, mbele ya watu wote, maji yanagusa viatu vyake. Walipoliteremsha jeneza alimwondoa ami mahali pake bila kusema, akaingiza bega, na akalibeba mpaka nyumbani hapokelewi. Waliojaribu kumpokea aliwatikisia kichwa. Makaburini yeye ndiye aliyeshuka ndani kumlaza. Wazee wa msikiti walikuja wote, hata wale wawili, na yule muuza madafu alisimama nyuma kabisa, amevaa kofia aliyoazimwa na mtu.

Jumatatu kakangu akaenda kituoni. Mkubwa alikuwa amerudi. Alimpa ruhusa ya kuvuka, siku moja, kwenda hospitali na kurudi.

"Uliwaambia kwamba tumekwishamzika?" nilimuuliza.

"Hawakuniuliza," akasema.

Kwa siku arubaini sikumsemesha ila kwa salamu. Nilimtengea chakula nikaondoka. Baada ya arubaini kwisha na wageni kwenda zao, alinifuata barazani akakaa kwenye mkeka karibu na cherehani. Nilikuwa napinda lesi. Akaanza kusema bila kuulizwa, na kwa miaka yote niliyomjua hiyo ndiyo mara pekee aliyosema.

Alisema kule walimpiga miezi mingi wala hakusema kitu kwa sababu hakuwa na cha kusema. Yule mwenzake wa chumbani walikuwa wakipika pamoja, wakifua pamoja, wakisoma pamoja. Alipotoka alikwenda wapi, hakujua. Kisha siku moja akaja mtu mwingine, mzee kidogo, mwenye sauti nzuri. Alileta chai ya maziwa na mkate wa moto. Aliwakemea wale wapigaji mbele yake, akamvua pingu. Akamwambia yeye pia ana mwana wa umri kama wake. Alisema, "Niambie tu ni nani walikuwa wakija chumbani kwenu kula. Sina nia mbaya na mtu. Nikiwajua nitaweza kukutetea, na wiki ijayo uko kwa mama yako."

"Nikamwambia," kakangu alisema. "Walikuwa wanafunzi watatu. Walikuja kula wali wangu kwa sababu wali wa kule haukuwa na nazi. Niliwataja. Wakakamatwa. Nilisikia sauti zao kwenye vyumba vya pili, nikazijua. Mmoja hakutoka."

Nilisimamisha cherehani.

"Yule mwenye chai sikumwona tena," alisema. "Sasa huyu amekuja anasema mama amemlisha. Labda alisema kweli. Nimekaa siku hizi zote nikifikiri, nafikiri alisema kweli. Lakini ningevuka, na kule ng'ambo wakanikamata, wangemchukua ami, na wewe, na watu wote waliokula katika nyumba hii. Sikuweza kuwatia nyinyi tena mikononi mwa mtu kwa sababu ya uso wake mzuri."

Nilimwambia, "Ungeniambia siku ile." Akasema siku ile hakuwa na maneno. Halafu akauliza kama lesi ile ni ya bi harusi, nikamwambia ndiyo, ya binti wa jirani, na tukakaa hapo mpaka alasiri.

Muuza madafu alihamishwa mwaka huohuo. Alikuja kuniaga mimi, akasimama palepale chini ya ngazi, akaniachia panga lake la madafu kwa kuwa hatalihitaji aendako. Alipoondoka hawakuleta mwingine. Mkubwa wa kituo naye akahamishwa, na askari wengi wakabadilishwa, ikawa Ijumaa moja kakangu amefika, ameketi kwenye benchi, na askari kijana akamuuliza anataka nini.

"Nimekuja kuonekana."

"Uonekane na nani?"

Akaeleza. Yule kijana akaingia ndani kuuliza, akatoka akasema hakuna anayejua habari hiyo, aende nyumbani. Kakangu akaenda nyumbani, na Ijumaa iliyofuata akarudi. Aliogopa kwamba siku atakayokosa ndiyo siku watakayokumbuka. Ami alikwenda kuomba aambiwe rasmi kwamba masharti yamekwisha. Aliambiwa haiwezekani kumwondolea mtu masharti ambayo hapo kituoni hayajulikani. Iliendelea hivyo muda mrefu, mpaka sajini mmoja akachoka kumwona, akamwambia akija tena atamweka ndani kwa kuwasumbua. Ndipo akaacha. Feri hakuivuka hata hivyo. Nilipomwalika kwenye nikaha yangu ng'ambo, nilipoolewa na mwanamume wa Kisauni aliyefiwa na mkewe, alinipa mkono wa heri nyumbani Likoni akabaki.

Yeye alioa baadaye, mama mmoja kutoka Matuga mwenye watoto wawili, aliyeachwa na mumewe, mwanamke mchapa kazi, msema kweli. Walijenga palepale shambani. Wale watoto walimpenda, akawasomesha kusoma Kurani uani, wao peke yao. Alipata nyama mashavuni. Kuomba ruhusa kulimwacha, isipokuwa akiwa na homa.

Siku moja nilikwenda kuwaona. Kakangu alikuwa amekwenda kuteka maji, na wifi yangu alikuwa akimenya muhogo. Akauweka kisu chini.

"Wifi," aliniita. "Usiku hupiga kelele kwa lugha ambayo siijui. Nikimwamsha husema si kitu. Watu wa hapa huniambia mambo, kila mtu na lake. Mimi nimeolewa naye, sina haki ya kujua?"

"Una haki," nikasema.

"Basi niambie. Alifanya, au hakufanya?"

"Alipika wali," nilimwambia, na nikaona hakunielewa, nikavuta kigoda nikakaa karibu yake nianze kumweleza tangu siku ile aliposafiri. Aliendelea kumenya taratibu huku akisikiliza. Nilikuwa nimefika mahali pa barua kukatika tulipomsikia kakangu akibisha hodi uani kwake mwenyewe, na wifi yangu akanyanyuka kwenda kumtua ndoo.